Kwa nini tundu la ozoni liligawanyika mwaka 2002?

Swali: Ndugu zangu, katika ramani ya Antaktika ya mwishoni mwa Septemba 2002 tundu la ozoni (eneo ambalo gesi ya ozoni, inayotukinga na miale ya jua, hupungua sana) limekatika vipande viwili. Nini kilisababisha?

Jibu: Ni mawimbi makubwa ya angahewa, ambayo huzaliwa upepo unapovuka milima na mipaka ya bara na bahari, kisha hupanda hadi stratosfia (tabaka la juu la angahewa lenye ozoni nyingi), mradi pepo za huko zinavuma kutoka magharibi bila kasi kupita kiasi.

Jibu: Naongeza, ndugu. Mawimbi ya kusini mwa dunia kwa kawaida ni dhaifu, lakini mwaka ule yaliupiga mzunguko wa hewa baridi juu ya ncha ya kusini, ambamo tundu hukaa, majira yote ya baridi, ukachoka, na wimbi la vilele viwili likaupasua.

Muulizaji: Kwa hiyo vipande ndivyo vilele?

Jibu: Hapana, vipande vilikaa kwenye mabonde ya wimbi.