Ramani ya zamani ya pori la Swagaswaga: waliichoraje, na mbona simu inanipeleka pembeni?

Kijana_wa_Chemba:
Wakuu habari za jioni. Nimepata karatasi ya 1:50,000 ya huku kwetu, kuukuu kweli, pembeni imeandikwa DOS. Makorongo yote yapo, kontua (ile mistari ya mwinuko) zimepangwa mpaka raha, sasa najiuliza enzi hizo pori limejaa mbung'o na barabara hakuna, walitembea kila bonde? Halafu nikisoma namba za gridi za kilima nikiziweka kwenye simu, pointi inaangukia kaskazini ya kilima chenyewe. Ramani mbovu au simu?

Theodolaiti:
Hawakutembea kote mkuu. DOS (Directorate of Overseas Surveys) ni ofisi ya Uingereza ya upimaji na ramani iliyoanza 1946 kwa ajili ya makoloni, jina hilo ikalipata 1957. Ndege inapiga picha za mfululizo, kila picha inalalia mwenzake kama asilimia 60, ukiziangalia mbili kwa pamoja kwenye stereoskopu, kifaa cha lenzi mbili, milima inainuka kabisa, hapo ndo mchoraji anafuata kontua akiwa Uingereza amekaa kwenye kiti. Kazi ya miguu ilikuwa kwa wapimaji waliopanda vilele kujenga bikoni, yaani nguzo za alama zilizopimwa mahali pake kamili, maana bila hizo picha hazina pa kushikia. Cheki kwenye ramani kama kuna pembetatu ndogo yenye nukta juu ya kilima chako, ndo alama ya bikoni, ukiiona ujue kuna watu walibeba saruji na maji mpaka kule juu, na mimi hao nawavulia kofia.

mzee wa gridi:
Vyote vizima kijana. Kila ramani ina datamu, yaani msingi wa kuhesabia mahali: ramani yako ipo kwenye Arc 1960, simu ipo WGS84 ya GPS, tofauti yake huku kwetu ni kama mita 300 kaskazini-kusini. Badili datamu kwenye app, na uweke zoni 36 kusini ya gridi ya UTM. Wa Kongwa wao ni 37, mpaka wa zoni hizo ni mstari wa longitudo nyuzi 36 mashariki, unapita mashariki ya Dodoma mjini.

Binti Bahi:
Ila kwa vijiji msiiamini sana, Operesheni Vijiji miaka ya 70 ilihamisha watu wengi mno, unakuta vibanda vimechorwa mahali ambapo leo ni miiba mitupu. Hata bwawa la Mtera kwenye karatasi za zamani halipo, ni mto tu.

Kijana_wa_Chemba:
Aisee asanteni, nimebadili datamu pointi imekaa juu ya kilima kabisa! Na pembetatu ipo. Binti Bahi, kuna vibanda vimechorwa kusini ya korongo, kesho naenda kumuuliza babu walikaa kina nani.

Theodolaiti:
Iskani kwanza kabla hujaikunja tena, kwenye mikunjo ndo wino unaanza kutoka.