Orki huzaliwa mwovu?

Ndugu yetu wa Kisumu, mwenzetu katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, anashikilia kwamba orki, wale viumbe wa kubuni, ni orki tu: adui wa mchezo, auawe, tusilete siasa mezani. Mtu amechoka na kazi wiki nzima, Jumamosi anataka kurusha dadu na kukata vichwa bila kuulizwa maswali. Namwelewa, ila simkubalii.

Sisi huchezea mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, mimi nikiwa msimamizi, yaani anayewasimulia wachezaji wanachokikuta. Mwezi uliopita kikosi kilimaliza kusafisha pango. Ndani kabisa, nyuma ya ngozi iliyotundikwa, nikawaambia wamekuta watoto 7 wa orki wamejikunyata. Mchezaji mmoja, mwalimu, mtu mpole sana, hakusita: “Mtoto wa nyoka ni nyoka.” Akanyoosha mkono achukue dadu.

Methali hiyo niliwahi kuisikia ikisemwa kwa uzito ule ule Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nje ya geti letu, kabla hatujakimbilia hifadhi kwenye uwanja wa maonyesho, Showground. Siku zile kuna watu walioitwa madoadoa, wengine kwekwe, na kwekwe haiulizwi kitu, hung’olewa tu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliokufa nchini 1,133. Sisemi mchezo huzaa wauaji. Mwalimu yule hawezi kumdhuru mtu. Nasema jibu lilikuwa mdomoni mwake kabla ya swali.

Na anayesema “ndivyo walivyoumbwa” afungue vitabu vya Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka 1974. Kitabu cha viumbe cha 1977 kinasema orki ni waovu wanaoshika sheria. Cha 2014 kinasema ni waovu wasio na sheria. Orki hawakuhama, kalamu ndiyo iliyohama. Juni 2020 wenye mchezo, Wizards of the Coast, wakatangaza kwamba orki na drow, viumbe wengine wa mchezo huo, wanaonyeshwa kama jamii zenye maadili na utamaduni wa kila namna, sawa na jamii nyingine. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kikaacha neno mbari, kikaweka spishi. Hilo la jina kwangu ni dogo. Waite utakavyo, watoto bado wako nyuma ya ngozi.

Adui namtaka kama wewe unavyomtaka. Lete maiti zinazotembea, tuzikate mpaka alfajiri. Orki wakichoma kijiji tuwafuate, kwa sababu wamechoma kijiji. Lakini kiumbe anayezaliwa, akanyonya, akajificha kwa woga, siwezi kumhukumu kwa tumbo lililomzaa. Hata zimwi wetu wa hadithi ana hesabu yake: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mpwa wangu wa miaka 14 alizifunika dadu kwa kiganja kabla mwalimu hajazifikia. “Mjomba, hawa wamefanya nini?”

Msimamizi ndiye mwenye majibu yote ya pango. Nilichokuwa nacho ni neno moja, “mwovu”, lililochapishwa chini ya jina lao. Ndugu wa Kisumu, wewe ungemjibuje?