Mjadala: Gitaa bora la umeme ni la zama zipi? Hoja yangu dhidi ya miaka ya hamsini

Mjadala huu ulifunguliwa na mzee wetu mmoja, mpiga solo wa siku nyingi hapa Mombasa, aliyesema bila kuzunguka kwamba gitaa la umeme lilikamilika kati ya 1950 na 1960, na kwamba kila lililotengenezwa baada ya hapo ni kivuli tu. Shikamoo, mzee wangu. Nakuheshimu kwa umri na kwa mkono wako, lakini kwa hili nitakupinga, na nitajitahidi kupinga hoja wala si mtu. Msimamo wangu ni kwamba magitaa bora ya umeme yalitoka Japani, tangu mwishoni mwa miaka ya sabini hadi 1985 hivi.

Kwanza nikubali lisilokanika. Maumbo tunayoyashika hadi leo yalibuniwa katika muongo huo anaousifu mzee: gitaa la kampuni ya Kimarekani ya Fender lililotoka 1950 na mwaka uliofuata likaitwa Telecaster, Les Paul ya Gibson, kampuni nyingine ya Kimarekani, mwaka 1952, Stratocaster ya Fender mwaka 1954, pikapu (kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya koili mbili ya Seth Lover, fundi wa Gibson, iliyoanza kufungwa mwaka 1957 ili kuua ule mvumo wa umeme, na gitaa la Gibson la ES-335 mwaka 1958. Viwanda vingi vingali vinarudia maumbo hayo. Hata hivyo, kubuni ni kazi moja na kutengeneza ni nyingine. Aliyebuni mbuzi ya kukunia nazi alitupatia umbo lake, lakini mbuzi inayokuna vizuri ni ile ambayo mhunzi wake aliyanoa meno sawasawa, na mhunzi huyo huenda akawa mtu wa juzi tu.

Tukija kwenye utengenezaji, miaka ya hamsini haikuwa na ule ukamilifu inaopambiwa. Pikapu za Gibson za wakati huo zilisokotwa kwa mashine ambazo hazikujisimamisha zenyewe baada ya idadi fulani ya mizunguko, bali mfanyakazi alitazama koili na kuacha alipoona imejaa. Sumaku nazo hazikuwa za aina moja, kwa kuwa ilichukuliwa iliyokuwapo. Ndiyo maana magitaa mawili ya mwaka mmoja, yaliyotoka kiwanda kimoja cha Gibson pale Kalamazoo, Marekani, yanaweza kutofautiana sauti kama ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Moja ni la ajabu, jingine ni la kawaida kabisa, na wapenzi wa zama hizo hulisimulia lile la ajabu peke yake.

Tena zama zenyewe hazikujua kwamba zina hazina. Les Paul ya rangi ya machweo, iliyouzwa kati ya 1958 na 1960, na ambayo leo hununuliwa kwa mamia ya maelfu ya dola, haikupata wanunuzi wa kutosha, na kiwanda kikaibadilisha kwa umbo jipya jembamba mwaka 1961. Umbo la Les Paul lilirudishwa 1968, baada ya mpiga gitaa Eric Clapton na wenzake wa Uingereza kuyapiga yale ya zamani na watu wakayasikia. Kwa hiyo tunayemsifu ni mpigaji wa miaka ya sitini, na sifa hiyo tunaikabidhi seremala wa miaka ya hamsini.

Kwamba ya zamani si yote ya ajabu, hilo nimelishika kwa mikono, mimi fundi wa magitaa. Mwaka mmoja wakati wa kusi, mteja aliniletea gitaa la zamani la Kimarekani, lililokaa miaka mingi katika nyumba inayotazama bahari. Kwa nje lilikuwa zuri la kutamanisha. Nilipolifungua, skrubu za daraja, pale nyuzi zinapoegemea, zilikuwa zimekuwa uvumbi mwekundu, na nilipoweka mita kwenye pikapu ya mbele, badala ya kusoma omu elfu sita hivi, haikusoma kitu chochote. Ule waya wa shaba, mwembamba kama unywele, ulikuwa umeliwa na chumvi na kugeuka kijani mahali pamoja tu, na mahali pamoja panatosha. Ninachosema si kwamba gitaa lile lilitengenezwa vibaya. Ninachosema ni kwamba ya zamani tunayoyaona leo ni yale yaliyopona, hasa yaliyolala katika makasha ya nchi za baridi, na kuyahukumu mengine yote kwa hayo ni sawa na kuwasifu wavuvi wa zamani kwa kuhesabu waliorudi pwani peke yao.

Wapo watakaosema kwamba uharibifu ulianza Januari 1965, CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, iliponunua Fender kwa dola milioni 13. Kwamba ubora ulishuka polepole, hasa katika miaka ya sabini, sibishi. Lakini gitaa jeupe alilopiga Jimi Hendrix kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 lilikuwa la 1968, na lile jeusi la David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd, lililonadiwa New York mwaka 2019 kwa dola 3,975,000, ni la 1969, ingawa shingo na pikapu zake zilibadilishwa mara kadhaa. Yote mawili ni ya enzi inayotukanwa.

Sasa Japani. Wamarekani walipokuwa wakipunguza gharama, mafundi wa Kijapani walikuwa wakiyachunguza magitaa ya miaka ya hamsini na kuyanakili, na baadaye nakala zikawa nzuri kiasi cha kuleta kesi: mwaka 1977 wenye Gibson waliwashtaki wasambazaji wa magitaa ya Kijapani ya Ibanez nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na shauri likaishia kwa mapatano. Mwaka 1982 Fender yenyewe ilisalimu amri kwa namna yake, ikaanzisha Fender Japan, na magitaa yakatengenezwa katika kiwanda cha FujiGen kule Matsumoto, kiwanda kilekile kilichokuwa kikiwatengenezea Ibanez na Greco, chapa nyingine ya Kijapani. Mwenye jina anapomwendea mnakili wake amtengenezee, mimi sihitaji shahidi mwingine. Hali hiyo haikudumu, kwa kuwa baada ya makubaliano ya fedha ya 1985 yeni ilipanda thamani, magitaa ya Kijapani yakawa ghali ng'ambo, na kazi nyingi ikahamia Korea.

Kuna jambo moja ambalo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huliona kasoro, nasi wa pwani tunapaswa kuliona neema. Magitaa ya miaka ya hamsini yalipakwa vanishi nyembamba ya selulosi, ambayo husemwa kuwa inaacha mbao ipumue. Kwa jasho na joto letu vanishi hiyo hunatanata, hupasuka, na hushika alama ya mkanda. Mengi ya Japani yalipakwa poliesta nene, ngumu kama sahani ya udongo, na nimekutana na gitaa la namna hiyo lililopigwa hotelini Bamburi usiku baada ya usiku, upepo wa bahari ukiingia ukumbini, na mbao yake ilikuwa kavu kama siku ya kwanza. Mbao inapumua nini, wapendwa, katika unyevu huu?

Kuhusu mbao, mzee ana haki kwa sehemu: mbao ya mti wa rozi ya Brazili iliyotumiwa zamani kwenye ubao wa vidole imezuiwa katika biashara ya kimataifa tangu 1992. Kwamba sikio linaweza kuitambua rozi hiyo nyuma ya amplifaya na ngoma, hilo silikubali.

Na ya leo je? Mashine zinazoongozwa na kompyuta zimefanya gitaa la bei nafuu kutoka Indonesia liwe na shingo iliyonyooka kuliko mengi ya zamani, na freti (vile vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni) za chuma kisichoshika kutu ni jambo ambalo ningelitamani lingekuwapo tangu nilipoanza kazi hii. Katika hilo la freti Japani ya 1982 imeshindwa, nakiri. Bali swichi na soketi za hayo ya bei nafuu hazimalizi misimu miwili hapa kwetu, nami ndiye ninayezibadilisha.

Mzee wangu, nitabadili msimamo kwa ushahidi wa namna moja. Kama yupo mwenye gitaa la kabla ya 1960 lililofanya kazi hapa pwani kwa miaka 20 mfululizo, likipigwa na si kutundikwa ukutani, na bado lina pikapu zake za kiwandani, alilete nilipime. Mita ninayo.