Nimeweka platini 20% kwenye kaboni, nimepata 9% tu

mpishi_wa_nano:
Wakuu habari za leo. Natengeneza katalisti (kichocheo) ya fyueli seli, kile kifaa cha kutoa umeme kwa hidrojeni, kwa ajili ya tasnifu, platini 20% juu ya kaboni ya Vulcan XC-72, njia ya glikoli. Nimepima kaboni miligramu 400 na asidi ya kloroplatiniki (ile yenye maji yake sita) miligramu 265, ukipiga hesabu hapo platini tupu ni kama miligramu 100, nikaweka kwenye etilini glikoli nikapandisha pH mpaka 12 kwa kostiki soda, nikachemsha nyuzi 140 masaa 3 stira inazunguka naitrojeni inapita. Ikapoa nikachuja, nikaosha, nikakausha. Kwenye TGA (mashine inayochoma sampuli huku ikiipima uzito) kaboni yote imeungua na kilichobaki ni 9%!! Chembe zenyewe ziko poa kabisa, nanomita 2 hadi 3. Sasa nusu nyingine imeenda wapi jamani, na hii chumvi ya platini supavaiza ananipimia kama zafarani.

kemia254:
Maji uliyochuja yalikuwa rangi gani?

mpishi_wa_nano:
Kahawia iliyokolea, kama chai ya rangi. Nikajua ni glikoli imeungua nikamwaga kwenye dumu la taka.

kemia254:
Pole sana mkuu, hiyo chai ndiyo platini yako 😅
Iko hivi, glikoli ikishaipa platini elektroni yenyewe inageuka asidi ya glikoliki, na kwenye pH ya juu hiyo asidi inakuwa glikoleti, inazivaa chembe na kuzipa chaji hasi, zinasukumana, ndio maana zimebaki ndogo. Shida ni kwamba kwenye pH 12 kaboni nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zinaikwepa vilevile. Umepika vizuri ila hujapakua. Ikishapoa usichuje, acha stira iendelee, dondoshea asidi ya salfuriki iliyozimuliwa pole pole mpaka pH 2 au 3 halafu lala, urudi asubuhi. Kioevu kikiwa bado kina rangi usiguse chujio.

binti_wa_maabara:
Mi ningeanzia kwenye kaboni, ichemshe kwanza na asidi ya naitriki. Vulcan ikitoka kwenye kopo haipendi maji kabisa, inaelea tu, ukiioksidisha inapata pa kushikia platini

kemia254:
Inategemea dada. Kwenye njia ya kuloweka chumvi moja kwa moja hiyo naitriki inaweza kukugeuka, maana kaboni iliyooksidishwa inapata chaji hasi hata kwenye pH ya chini na kloroplatineti nayo ni hasi, hapo labda uhamie kwenye chumvi ya platini na amonia ambayo ni chanya, uloweke kwa pH ya juu. Kwa huyu ndugu yetu chembe zimeshaiva, aoshe kaboni asioshe, asiposhusha pH atamwaga tena.

mpishi_wa_nano:
Nimerudi wakuu. Nimerudia yote, nimeshusha mpaka 2.5 nikaacha usiku kucha, asubuhi kaboni imelala chini na juu peupe kama maji ya bomba (ya siku nzuri). Nimeosha mara sita mpaka nitrati ya fedha haitoi tena lile wingu la kloridi. TGA 18 na ushee!! Lile dumu la kwanza watu walishamwagia taka zao, basi tena. Sasa kesho natengeneza wino wa kupaka katalisti kwenye elektrodi, unga umekauka vizuri kwenye oveni ya nyuzi 80, naumiminia isopropano tu au?

binti_wa_maabara:
SUBIRI usimimine. Unga mkavu wa platini na kaboni ukikutana na mvuke wa alkoholi hewani unawaka wenyewe, mimi nimeona moto kwenye kichupa kidogo tu, nyusi zilinusurika. Weka maji kwanza mpaka unga wote ulowe, isopropano baadaye.

mpishi_wa_nano:
Duh. Maji kwanza.