Tupeane uzoefu: ada ya kila mwezi kwenye laivu za ndondo (soka la mtaani), kwaya na maulidi

Mzee wa Kebo
Wakuu, laivu ya fainali iliyokatika juzi imenikumbusha hoja ya siku nyingi. Watu wanatazama bure, mwenye chaneli anabaki na deni la bando na posho za wapiga picha, mechi ikiisha kila mtu kwake. Mnaoendesha uanachama wa kulipia kwenye matukio ya mtaani, mwageni hapa: ngazi ngapi, bei gani, pesa inapita wapi na inakwama wapi. Hadithi za "jiamini tu" mbaki nazo.

Fundi Mitambo
Nianze na hesabu, maana wengi wanakimbilia kitufe cha kujiunga cha YouTube bila kuipiga.

Chaneli lazima ikubaliwe kwanza: wafuatiliaji 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na saa 3,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au video fupi zitazamwe mara milioni 3 ndani ya siku 90). Hapo ndipo uanachama unafunguka, kama nchi uliyoiandikisha chaneli imo kwenye orodha yao. Angalia hilo kabla hujatangaza bei, kuna watu wameshachapisha mabango kitufe hakipo. Pesa ya matangazo inataka zaidi: wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000.

Memba akilipa dola 4.99, YouTube inachukua asilimia 30, unabaki na kama 3.49. Memba huyo akiwa Minneapolis, Marekani inakata kodi ya zuio asilimia 30 ya hiyo yako, kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani. Inabaki kama 2.44. Usipojaza fomu ya kodi kabisa ndiyo balaa, wanaweza kukata asilimia 24 ya mapato yote, hata ya memba aliyeko Tandale.

Halafu hela haitoki mpaka ifike dola 100. Kabla ya hapo, ikifika dola 10, wanatuma barua ya posta yenye PIN ya kuthibitisha anwani. Chaneli nyingi zimekwama hapo hapo. Mwenye chaneli kaandika sanduku la posta la shule aliyosoma, barua imelala huko. Weka sanduku ambalo kuna mtu analifungua.

Kipanga
Barua ya PIN 😂😂 Posta wana kabati zima la hizo.

Binti Forodhani
Fundi kasema kweli kwenye makato, ila swali kubwa liko kabla ya hapo: unamuuzia memba kitu gani? Wengi wanafunga laivu yenyewe. Kosa. Laivu ya mtaani inauzwa na kelele za watu wengi, ukiifunga inakuwa kama harusi isiyo na wapishi. Na ukitumia linki iliyofichwa ya YouTube, mmoja analipa, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, wanaingia arobaini. Linki iliyofichwa haina mlinzi, yeyote aliye nayo anatazama.

Mpango unaodumu ni huu. Laivu bure kwa wote. Baada ya saa 24 marudio yote yanageuzwa kuwa ya memba tu, unabadilisha kwenye mipangilio ya nani anaruhusiwa kuona. Wanaolipa kwa hilo ni walio mbali. Mechi ya saa kumi jioni Dar, Minneapolis ni saa moja au saa mbili asubuhi kutegemea majira, mtu yuko kazini. Muscat wao wako mbele saa moja tu, hao laivu wanaiwahi, kwa hiyo marudio hawayataki sana. Wanataka kutajwa.

Na hapo ndipo ngazi zinapogawanyika. Ya chini, shilingi 2,000 za Bongo kwa mwezi: marudio na beji kwenye gumzo. Ya kati, 5,000: kamera ya pili isiyo na mtangazaji, mazoezi ya timu au ya kwaya katikati ya wiki, picha kubwa za kupakua. Ya juu, 15,000: jina la familia au la duka linapita chini ya skrini, na memba anachagua tukio moja kwa mwezi lirekodiwe. Ngazi tatu zinatosha. Ukiweka tano mtu anasoma, anachanganyikiwa, anafunga.

Mtaa wa Saba
Naunga mkono kwenye ngazi tatu. Ya kati ndiyo inayobeba nyumba.

Mdau Kisauni
Hamjagusa simu. Huku Kenya wateja wengi hawana kadi, wana M-Pesa. Shida ya M-Pesa kwa ada ya mwezi ni kuwa mteja ndiye anayesukuma pesa, lazima aweke PIN kila mara. Tangu Oktoba 2024 kuna M-Pesa Ratiba: mteja anaweka mwenyewe malipo ya kujirudia kwenda Paybill au Till (namba za biashara za kupokelea malipo), ya siku, wiki au mwezi. Salio lisipokuwepo siku hiyo hayapiti, kwa hiyo waelekeze wachague tarehe ya baada ya mshahara.

Chukueni Paybill, si Till. Paybill ina sehemu ya namba ya akaunti: memba anaandika namba yake ya uanachama, mfano 0147, nawe unajua nani kalipa hata kama katumia simu ya shemeji. Kwenye Till unabaki na jina la mwenye laini tu. Jioni nzima unauliza "huyu ni nani?"

Kipanga
Mdau, na sisi wa Bongo wenye Lipa Namba tufanyeje?

Mdau Kisauni
Hapo waulize wenyeji.

Fundi Mitambo
Kipanga, acha kupigania mwezi. Uza msimu, au wiki. Ndondo ikichezwa miezi miwili, uza tiketi ya msimu mzima mara moja, na kwa bodaboda na mama lishe weka ya wiki, 500. Anayelipwa kwa siku hapangi bajeti ya mwezi.

Kuwadhibiti, tumia chaneli binafsi ya Telegram. Tengeneza linki ya mwaliko yenye kikomo cha mtu mmoja na muda wa kuisha saa 24, itume baada ya kuona muamala. Akiigawa, wa pili anakuta imekufa. Washa pia kizuizi cha kuhifadhi maudhui ili wasisambaze. Laivu unaipeleka humo humo kutoka OBS (programu ya kurushia laivu) kwa ufunguo wa kurushia, RTMP, ambao Telegram inakupa. Daftari liwe na safu nne: namba ya memba, simu, tarehe ya kuisha, kumbukumbu ya muamala. Kila Jumatatu unatoa walioisha. Kazi ya nusu saa, lakini usipoifanya wiki mbili tu, wanaolipa wanagundua wasiolipa bado wamo, nao wanaacha.

Ustadhi Mpole
Samahani ndugu zangu, kichwa cha uzi kimetaja maulidi. Mnataka kuuza maulidi kwa ngazi? Dhahabu na fedha? Mche Mungu.

Binti Forodhani
Ustadhi, hakuna anayeuza maulidi. Maulidi yenyewe bure. Wanaochangia wanachangia gharama, kama wanavyochangia pilau.

Ustadhi Mpole
Pilau haina beji.

Kipanga
Ustadhi kashinda raundi ya kwanza.

Mwimba Sauti ya Tatu
Hata kwenye kwaya ugomvi ni huo huo. Dawa ni jina: iitwe "wadhamini wa studio", na mwisho wa mwezi weka matumizi hadharani, bando kiasi hiki, mafuta ya jenereta kiasi hiki. Lugha ya "VIP" hapa inaua michango.

Jambo jingine, mashindano ya watoto ya kuhifadhi Qur'ani au kwaya za Jumapili. Mkiweka alama kwamba video imetengenezwa kwa ajili ya watoto, YouTube inazima gumzo la laivu. Chaneli nzima ikiwekewa alama hiyo, uanachama haupo. Alama inahusu video inamlenga nani, siyo nani anaonekana. Ila kwa watoto wanaoonekana chukueni ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, siyo mzaha.

Sauti ya Uwanja
Mnaongea bei, mimi niwape lililoua chaneli moja ya ndondo ambayo sitaitaja. Fainali. Walifunga laivu kwa memba wa ngazi ya juu, wakajaa. Sauti ilikuwa inatoka moja kwa moja kwenye tundu kuu la mikisa ya uwanja (mashine ya kuchanganya sauti) kuingia kompyuta. Mapumziko, DJ akaachia wimbo mkubwa wa bongo fleva. Mtambo wa YouTube wa kutambua nyimbo ukatoa onyo kwenye ukurasa wa msimamizi. Msimamizi hayupo kwenye kiti, yuko nyuma ya goli anavuta waya wa kamera ya pili. DJ hajui chochote, wimbo wa pili. Picha ikaondolewa, likabaki bango. Walipoirudisha kwa ufunguo mwingine linki ikawa mpya, memba wako kwenye ya zamani. Mechi imeisha 1-1, penati zimeanza, grupu la WhatsApp linawaka: "Rudisheni hela." Nusu walijitoa wiki ile.

Kipanga
Nani alichukua kombe?

Mtaa wa Saba
Kweli, nani alichukua?

Fundi Mitambo
Acheni kombe, angalieni waya. Usichukue sauti kwenye tundu kuu. Chukua kwenye AUX (tundu la pembeni lenye mchanganyiko wake wa sauti), pandisha mtangazaji na maiki ya mashabiki tu, fito (kitelezi cha sauti) ya DJ kwenye AUX hiyo iwe sifuri kabisa. Na AUX hiyo iwe ya kabla ya fito ya mtangazaji (pre-fader), la sivyo DJ akishusha mtangazaji ukumbini anashuka na kwenye laivu. Maiki ya mashabiki nayo inanasa spika, kwa hiyo mapumziko badili skrini kwenda "Tunarudi" yenye sauti iliyozimwa. Lifungie kitufe kimoja, mtu mmoja asitoke kwenye kiti.

Kibali cha kupiga muziki ukumbini hakikulindi mtandaoni, hizo ni haki mbili tofauti. Hata singeli ya kijana wa mtaani inaweza kukupiga: kama kaipeleka kwa msambazaji mwenye Content ID (ule mtambo wa YouTube wa kutambua nyimbo), mtambo haujui kwamba ni rafiki yako. Mwombe msambazaji aiweke chaneli yako kwenye orodha ya walioruhusiwa, wiki mbili kabla.

Na ile laini ya kutoka mikisa usiichomeke kwenye tundu la maiki la kompyuta, sauti inapasuka. Tumia kadi ya sauti ya USB yenye swichi ya kuchagua laini.

Binti Forodhani
Nyie wote mnajibu waya. Hiyo chaneli iliuawa na kufunga laivu. Ingekuwa bure, ingekatika, watu wangetukana wangesahau.

Sauti ya Uwanja
Si kweli dada. Waliolipa ngazi ya juu ndio waliolipia kamera ya pili. Laivu bure inalea wavivu.

Binti Forodhani
Hao wavivu ndio wanaojaza gumzo mpaka wa Muscat anaona kuna shughuli. Haya, endelea kufunga.

Mzee wa Kebo
Jamani polepole. Upande wa intaneti je? Juzi ndiko ilikokatika.

Kasi ya Mnara
Kosa la kawaida: wanapima kasi saa tatu asubuhi uwanja ukiwa mtupu. Saa kumi wanaingia watu elfu tatu wenye simu, wote wanarusha video, mnara ule ule. Pima tukio la wiki iliyotangulia, saa ile ile, watu wakiwepo, na pima kasi ya kupakia, si ya kushusha.

720p kwa 3 Mbps inatosha kabisa, wengi wanatazama kwenye simu. Keyframe (picha kamili ya rejea) kila sekunde 2, sauti 128 kbps, bitreti (kasi ya data) isiyobadilika. Unataka upakiaji wa angalau mara mbili ya hiyo, yaani 6. Bando: 3 Mbps ni kama GB 1.35 kwa saa, mechi yenye mapumziko na penati saa mbili na nusu ni GB 3.4. Nunua GB 6 kwenye laini kuu, na laini ya mtandao mwingine kwenye modemu ya pili, ikiwa imeshawashwa. Siyo ya kwenda kununua vocha mambo yakiharibika. Rekodi pia kwenye kompyuta kwa MKV, umeme ukikata faili haliharibiki kama la MP4. Ukikatika kwenye laivu, memba unamlipa kwa marudio safi usiku ule ule. Hiyo imezuia watu wengi kujitoa kuliko msamaha wowote.

Kipanga
Wazo la biashara: laivu za misiba. Ngazi ya juu jina linapita chini.

Mtaa wa Saba
Huyu atolewe.

Ustadhi Mpole
Audhubillahi.

Mwimba Sauti ya Tatu
Kipanga anatania, lakini laivu za misiba zinaombwa na ndugu walioko nje. Malipo ni ya mara moja, anayelipa ni familia, hakuna uanachama, na gumzo linazimwa. Msiba si bidhaa ya mwezi.

Mdau Kisauni
Nyongeza kwa wa Tanzania: kabla ya kuanza kukusanya ada, ulizeni TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kuhusu leseni ya maudhui mtandaoni, Kanuni za 2020 zipo. Na mkubaliane kwa maandishi na waandaaji nani anamiliki marudio. Chaneli ikishaanza kuingiza pesa, mwenyekiti wa mashindano anakumbuka kwamba kombe ni lake.

Mzee wa Kebo
Msimu ukiisha mnawashikaje memba? Hapo ndipo wanapotoka wote.

Binti Forodhani
Ratiba ya miezi mitatu iwe imetoka kabla fainali haijachezwa. Ndondo ikiisha, kwaya au ngalawa au bao, chochote chenye watu wale wale. Mwezi usio na tukio, sitisha ada mwenyewe kabla hawajauliza. Anayesitishiwa anarudi, anayekatwa bure harudi. Ukumbusho utume tarehe 28, kwa jina lake, ukimtajia mechi ijayo na saa. Usiutume tarehe 15, mfukoni hamna kitu.

Sauti ya Uwanja
Hilo la tarehe 28 nakubali.

Kipanga
Bado hamjasema nani alichukua kombe.

Sauti ya Uwanja
Wa ng'ambo ya reli, penati 4-2. Marudio hayapo, walikuwa hawarekodi kwenye kompyuta.