Nasoma maisha ya Brigham Young, nimekwama mwaka 1852

MamaNeema

Wakubwa zangu shikamooni, wengine hamjambo. Namtafuta yeyote aliyesoma maisha ya Brigham Young kwa kirefu, tuzungumze.

Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaloliita la Wamormoni, na Brigham alikuwa rais wake wa pili. Nilibatizwa Dar es Salaam, sasa naishi Salt Lake City. Huku Brigham humkwepi. Sanamu yake iko katikati ya mji, nyumba alizokaa na wake zake bado zimesimama, na chuo kikuu kinaitwa kwa jina lake. Binti yangu anasoma seminari, yaani masomo ya dini ya vijana wa sekondari, akanijia na swali: mama, ni kweli yeye ndiye aliyewanyima watu weusi ukuhani, ambao kwetu hupewa wanaume waumini wa kawaida? Mimi Dar niliambiwa jambo hilo lilikuwapo tangu mwanzo, Mungu akaliondoa 1978, basi. Sikutaka kumpa mtoto jibu la kuambiwa. Nikaenda maktaba nikaazima wasifu wake, kitabu kinene hasa, cha mwanahistoria asiye wa kanisa letu.

Sura za mwanzo zimenifanya nimpende huyu mtu. Alizaliwa Vermont mwaka 1801 katika familia ya kimaskini, akawa seremala, mpaka rangi na fundi wa vioo. Mwenyewe alikuwa akisema alikaa darasani siku 11 tu maisha yake yote. Mke wake wa kwanza, Miriam, aliugua kifua kikuu. Asubuhi Brigham anapika, anawavalisha watoto, anambeba mkewe na kumkalisha kwenye kiti karibu na moto, ndipo anatoka kutafuta kibarua. Jioni anambeba tena kumrudisha kitandani. Miriam alifariki 1832, mwaka uleule waliobatizwa, akaacha mabinti wawili wadogo. Sehemu hiyo nilimsomea binti yangu kwa sauti.

Halafu 1844, Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, ameuawa gerezani Carthage, Illinois, waumini hawajui wamfuate nani, na Brigham anasimama Nauvoo tarehe 8 Agosti mbele ya Sidney Rigdon aliyejua kuhutubia kuliko yeye, na watu wanawachagua Mitume Kumi na Wawili, baraza la viongozi ambalo Brigham aliliongoza. Kuwahamisha maelfu ya watu kwa magari ya ng'ombe na kuwafikisha bondeni huku, kazi ile nani mwingine angeiweza? Sijui.

Shida yangu inaanza hapa. Machi 1847, kambini Winter Quarters, Brigham anasema habari ya damu haihusu kitu, Mungu ameumba mataifa yote kwa damu moja, tena anamsifu mzee mmoja wa kanisa, Mwafrika wa mji wa Lowell, kuwa ni kati ya wazee bora walio nao. Huyo ni Walker Lewis, kinyozi na mpinga utumwa. Kumbe tulikuwa na ukuhani! Elijah Abel naye alitawazwa 1836, Joseph Smith akiwa hai. Nageuza kurasa, nafika Februari 1852, na Brigham yuleyule anaposimama kwenye baraza la kutunga sheria la Utah anasema watu weusi ni uzao wa Kaini na hawawezi kuwa na ukuhani. Anaongeza kwamba hata kama hakuna nabii wala mtume aliyewahi kusema hivyo, yeye anasema.

Nimekirudia kifungu hicho mara nyingi. Miaka mitano tu. Katikati hapo kulitokea nini? Na ninyi mlioendelea mbele, mlisomaje?

mwalimu_mstaafu

Dada MamaNeema, marahaba. Nilifundisha historia sekondari hapa Nairobi hadi nilipostaafu, na niko kanisani tangu enzi ambazo Kenya kundi letu lilijaa sebule moja. Nitakujibu kwa kadiri nilivyosoma.

Usitafute tukio moja. Kwanza, yale maneno mazuri ya Machi 1847 aliambiwa mtu maalumu, William McCary, mwanamuziki mweusi aliyemuoa binti wa Kizungu wa kanisa, Lucy Stanton. McCary alikuwa analalamika kwamba watu wanamdharau. Baada ya hapo Brigham akaondoka kwenda magharibi, na McCary akaanza kudai unabii na kuendesha ibada zake na wanawake, akafukuzwa. Zile habari zikawachoma watu pale kambini. Desemba mwaka huohuo Brigham akiwa amerudi, akaletewa taarifa kwamba Enoch, mtoto wa Walker Lewis, naye ameoa mwanamke wa Kizungu na wana mtoto. Hapo maneno yake yanageuka kuwa makali sana, ya kutisha kuyasoma. Kwa hiyo jambo lililomgeuza, kwa maoni yangu, ni ndoa. Huyo mtu mwenye wake zaidi ya 50 hakuweza kuvumilia ndoa ile moja.

Pili, kuna waumini kutoka kusini, Mississippi na kwingineko, waliofika Utah na watumwa wao. Ilibidi serikali iseme watumwa hao ni nani kisheria. Mwaka 1852 ikapitishwa sheria ya utumishi, ambayo kwa lugha ya kawaida iliruhusu utumwa wenye masharti. Sasa angalia, dada: tamko lile la ukuhani halikutolewa hekaluni wala kwenye mkutano mkuu wa kanisa. Lilitolewa bungeni, katikati ya mjadala wa utumwa na nani apige kura. Aliyekuwa gavana ndiye aliyekuwa rais wa kanisa. Akifungua kinywa, wabunge wanamsikia gavana na nabii kwa pamoja. Nani atapinga?

Yuko aliyepinga: Orson Pratt, mtume. Alisimama kuipinga sheria ile ya utumishi waziwazi. Kitabu chako kikiwa cha zamani huenda hukumkuta, maana hotuba nyingi za kikao kile ziliandikwa kwa hati mkato na George Watt, zikakaa zaidi ya miaka 100 bila mtu kuzisoma, hadi wataalamu wa hati hiyo walipozifungua miaka ya karibuni. Tazama mwaka kitabu kilipochapishwa.

Bahati_wa_Ziwani

Mimi si muumini wa kanisa lenu, naishi Bukavu, nina shemeji zangu wengi humo. Wasifu wa Brigham niliusoma kwa ajili ya mauaji ya Mountain Meadows ya 1857. Naomba niseme kwa heshima.

Mwalimu anaeleza vizuri, ila maelezo yakizidi mtu anaponea humo. Kama jambo hili lina tarehe na lina mwenyewe, mbona lilichukua miaka 126 kuondolewa? Brigham alikufa 1877. Warithi wake walikuwa na uwezo wa kufungua kumbukumbu na kumwona Elijah Abel ametawazwa. Tena mwaka 1879 walimchunguza, wakakuta ni kweli ana ukuhani, wakamwachia ukuhani wake na bado wakamnyima baraka za hekalu, yaani ibada takatifu zinazofanyiwa humo. Seremala yule alikuwa amelifanyia kazi hekalu lenyewe la Salt Lake.

Na dada ukifika 1857 utakuta tabia ileile. Septemba 11 mwaka huo wanamgambo wa Kimormoni wa kusini mwa Utah, wakisaidiwa na baadhi ya Wapaiute, wenyeji asilia wa eneo lile, waliua wasafiri wapatao 120 waliotoka Arkansas, wanaume kwa wanawake, baada ya kuwapandishia bendera nyeupe wasalimishe silaha. Walibakiza watoto wadogo 17. Brigham alikuwa ameandika barua kwamba wasafiri waachwe wapite, lakini mjumbe, James Haslam, alifika Cedar City nayo siku 2 baada ya mauaji. Hapo simlaumu. Namlaumu kwa yaliyofuata, na pia kwa mahubiri ya kumwaga damu aliyokuwa akiyatoa mwaka mmoja kabla. Walisukumiwa Wapaiute lawama yote, na miaka 20 baadaye akapigwa risasi mtu mmoja tu, John D. Lee, mtoto wa kulea wa Brigham mwenyewe. Lee alikwenda kaburini akisema ametolewa kafara. Wengine waliotoa amri walikufa vitandani mwao.

elda_wa_zamani

Wapendwa, nilitumikia misheni na najua swali hili linavyoweza kumwangusha mtu. Mambo haya yalikwisha. Kanisa lenyewe limeandika Desemba 2013 kwamba linazikataa nadharia zile za laana ya weusi. Sasa tunachimba nini? Dada, mwambie binti yako aombe, asome maandiko, ayaache ya wazee. Wasifu ulioandikwa na mtu wa nje hauwezi kukujenga.

MamaNeema

Asanteni wote, na Mwalimu Mungu akubariki. Kitabu changu ni cha miaka ya karibuni lakini Orson Pratt ametajwa kwa ufupi tu. Nimemwambia binti yangu kwamba mtume mmoja alisimama, akaruka kwa furaha.

Kaka elda, nakuelewa na sikasiriki. Lakini kanisa limeikataa laana mwaka 2013, na mtu wa kuikataa laana lazima kwanza ajue ilitoka wapi. Mimi niliishi miaka nikiamini Mungu alikuwa na sababu dhidi yangu ambayo hakuitaja. Nilikuwa naisikia nikiwa nimepiga magoti. Leo kitabu cha huyo mtu wa nje kinanionyesha mwezi, mwaka, chumba, na mtu anayezungumza. Hilo limenijenga kuliko masomo mengi niliyopewa. Brigham mwenyewe katika hotuba ileile alisema siku itakuja ambapo watu weusi watapata kila baraka waliyo nayo wengine, na zaidi. Basi hata yeye hakuwa na hakika kwamba ni ya milele.

Bahati, kuhusu miaka 126 sina utetezi. Sitautafuta.

Nyuma yenu nimekuwa nikimtafuta Jane Manning James. Alikuwa mwanamke huru, mweusi, kutoka Connecticut. Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walinyimwa nafasi ya meli pale Buffalo, wakatembea kwa miguu kiasi cha kilomita 1,300 hadi Nauvoo. Viatu vikaisha, miguu ikapasuka, wakaacha damu njiani, wakasimama wakaomba Mungu awaponye miguu. Alifanya kazi nyumbani kwa Joseph Smith, na baada ya Joseph kufa, nyumbani kwa Brigham. Alifika bonde hili 1847. Mwaka 1849 njaa ilipopiga, jirani yake Eliza Lyman aliandika katika shajara kwamba Jane alimpa ratili mbili za unga, karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao. Eliza alikuwa mke wa mtume. Mume alikuwa ameondoka kwenda California na nyumba haikuwa na chakula.

Jane alifanya kazi katika nyumba ya Brigham, Brigham alimjua kwa sura na kwa jina, na bado 1852 anasimama kusema vile. Nikisoma sasa namsoma Brigham nikiwa nimemweka Jane pembeni ya kila ukurasa. Maumivu ya sura hizo hayajapungua kwa sababu hiyo. Zinaniuma zaidi, lakini naweza kuendelea kuzisoma.

Pale kwenye sanamu yake mjini kuna bamba la majina ya kundi la kwanza la 1847. Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby wametengwa, wameandikiwa kwamba ni watumishi weusi. Walikuwa watumwa. Green Flake alikuwa katika kikosi cha mbele kilichoingia bondeni, wakati Brigham alikuwa mgonjwa wa homa nyuma, amelazwa kwenye gari la Wilford Woodruff. Jumamosi nilimpeleka binti yangu akayasome kwa macho yake. Akauliza kama tunaweza kupata maneno ya Jane mwenyewe, yasiyopitia kwa mtu mwingine.

mwalimu_mstaafu

Yapo, dada. Uzeeni Jane alimsimulia maisha yake mwanamke mmoja, Elizabeth Roundy, akayaandika. Ni kurasa chache, utazisoma kwa jioni moja. Habari ya miguu kuvuja damu imetoka humo. Ipo pia barua aliyomwandikia John Taylor, rais wa kanisa baada ya Brigham, Desemba 1884 akiomba baraka za hekalu. Msome na binti yako barua hiyo pamoja na majibu aliyopewa miaka yote ile. Mwaka 1894 walimuunganisha kwa ibada ya hekalu na familia ya Joseph Smith kama mtumishi, na hata sherehe hiyo hakuruhusiwa kuingia, mwanamke mwingine alisimama badala yake. Aliendelea kuomba hadi alipofariki 1908. Ibada kamili ya hekalu ilifanywa kwa niaba yake 1979.

Bahati ana haki juu ya 1857, dada. Sura hizo usizisome usiku, na usizisome haraka. Anza na mahubiri ya 1856, ndipo uingie barua ya Haslam, ukienda moja kwa moja kwenye barua utamsamehe mapema mno.

Bahati_wa_Ziwani

Mwalimu, hapo tumekubaliana. MamaNeema, ukifika kwa John D. Lee uniandikie. Nataka kujua mwandishi wako anasema Brigham alijua lini.

MamaNeema

Nitakuandikia. Niko 1854, na kitabu natakiwa kukirudisha Ijumaa, nitaomba waniongezee muda. Mwalimu, hiyo barua ya Jane kwa Taylor nimeshaipata, binti yangu anaitafsiri kwa Kiswahili ili bibi yake aliyeko Temeke aisome.