Kifodi kimeandikwa Usa River, mbona jioni kinaishia Tengeru?

Fundi Cherehani
Wadau wa Arusha, habari za jioni. Nashona mjini, nyumbani ni Usa River. Asubuhi sina neno, saa moja na nusu nishafika mezani kwangu. Kasheshe ni kurudi. Juzi Jumatano nimepanda kifodi, hizi Hiace zetu za abiria, pale Sanawari saa moja usiku, ubavuni kimeandikwa Usa, konda kapokea nauli ya Usa. Kufika Tengeru: "Mwisho hapa, wa Usa panda ya nyuma!" Ya nyuma ipi? Nimesimama na furushi la vitenge vya wateja, soko ndiyo linafungwa, kila mtu na kiroba chake, wote tunagombea Hiace moja. Mwisho nikatoa elfu tatu ya boda. Zile njia nne za Sakina hadi Tengeru tulizishangilia sana, kumbe sisi wa mbele zimetusogezea tu mahali pa kutelekezwa. Wenzangu mnafanyaje?

Suka wa Moshi Road
Pole dada, na mimi ni mmoja wa hao madereva. Kukatisha ruti ni kosa, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, wakinikamata nalipa, sibishi. Ila bosi anataka hesabu yake kila siku na mafuta ni juu yangu. Usiku nikienda Usa nimejaa, kurudi mjini nabeba watatu wanne. Nikigeuzia Tengeru, hasa Jumatano na Jumamosi za soko, narudi na watu na mizigo yao. Halafu njia nne zinaishia pale pale. Ukiangukia nyuma ya lori Makumira, unalifuata hivyo hivyo mpaka Leganga. Muda huo ningeshapiga tripu nyingine.

Mama wa Maji ya Chai
Hesabu tumeisikia kaka, lakini nauli ya Usa uliipokea ya nini? Mngesema "Tengeru" tangu Sanawari, mtu aamue mwenyewe. Fundi, mimi silipi mpaka tupite Makumira. Hela naishika mkononi, konda anaiona. Akinishusha Tengeru anapata ya Tengeru. Atanuna, mwache anune.

Kijana wa Kikatiti
Sisi kazini tuko sita, tumeelewana na mwenye Noah. Anatuchukua Philips saa kumi na mbili na nusu, tunamlipa kila Ijumaa. Inazidi nauli ya kifodi kidogo, ila hakuna kushushwa. Ubaya wake ukichelewa hakungoji. Mimi nimeshaachwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa ng'ambo ya barabara nampungia mkono.

Fundi Cherehani
Mama, ya Makumira nimeijaribu leo. Konda kaniuliza kama nimetumwa, abiria wa nyuma nao wakaficha hela zao. Tumefika Usa. Suka, kama ulikuwa wewe, samahani. Na wewe wa Noah, hapo Philips kuna nafasi ya mtu mmoja na furushi?